UZI: Kichocheo cha metali ndani ya seli ya saratani. Kinazunguka kweli, au kinauma mara moja na kufa?

#1 Tindikali_Kali

Wakuu, uzi huu ni wa wale wanaoshika pipeti na wale wanaosoma makala za wanaoshika pipeti. Mada ni vichocheo vya metali vinavyotengenezwa ili vifanye kazi ndani ya seli hai ya saratani.

Kwa nini tuhangaike navyo? Angalieni sisplatini, dawa ya saratani yenye platini. Mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi anayepigwa mionzi hutundikiwa dripu yake kila wiki, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Molekuli moja ya sisplatini ikishaing'ang'ania DNA, kazi yake imeisha. Haibanduki ikaenda kwingine. Kwa hiyo unamwaga dawa nyingi ili chache zifike, na zile zisizofika zinaishia kwenye figo na masikio. Kichocheo kingekuwa mambo mengine: molekuli moja inageuza molekuli kumi, hamsini, mia, na kila mara inarudi kama ilivyokuwa. Dozi ingeshuka sana. Hivyo ndivyo karatasi inavyosema.

Kuna mikondo miwili, tusiichanganye. Mkondo wa kwanza, kichocheo chenyewe ndicho kinachovuruga seli. Kundi la Peter Sadler pale Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, lilionesha mwaka 2015 kwamba michanganyiko ya rutheni ikipewa formeti ya sodiamu inahamisha haidrojeni kwenda kwenye NAD+, molekuli inayobeba elektroni ndani ya seli, na kuifanya NADH, ndani ya seli za saratani ya ovari aina ya A2780. Mwaka 2018 wakaja na osmi inayogeuza pairuveti kuwa lakteti, tena kwa kuchagua moja kati ya maumbo mawili ya lakteti (L na D), yanayotofautiana kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Mkondo wa pili, kichocheo hakimdhuru mtu. Kazi yake ni kufungua dawa iliyofungwa kufuli. Streu na Meggers, wakiwa Marekani, walifungua rangi ya rodamini ndani ya seli za HeLa (seli za saratani ya shingo ya kizazi zinazokuzwa maabara) kwa rutheni mwaka 2006. Mwaka 2014 kundi la Unciti-Broceta pale Edinburgh likafungua 5-FU, dawa ya saratani, kwa paladi.

Swali la uzi: kati ya chupa ya maabara na seli, ni nini hasa kinaharibika, na unajuaje kuwa ulichokiona ni uchocheaji na si sumu ya kawaida ya metali?

---

#2 Bi_Pipeti

Kinachoharibika cha kwanza, cha pili na cha tatu ni salfa.

Ndani ya seli kuna glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa (kikundi cha thioli), milimola 1 hadi 10. Kichocheo chako ukibahatika kitafika makumi ya mikromola. Maana yake kila atomu ya metali imezungukwa na vikundi vya thioli mia na zaidi, vyote vinaitamani. Rutheni, osmi, paladi na dhahabu ni metali laini kikemia, na salfa ni laini vilevile, kwa hiyo wakishikana hawaachani kirahisi. Nafasi moja tupu ambayo kiini cha metali kiliihitaji ili kipokee haidridi (haidrojeni yenye elektroni mbili), imeshakaliwa.

Na huko ni ndani. Watu wanasahau njiani. RPMI-1640 ya kawaida, yaani midia ya kukuzia seli, ina glutathioni miligramu 1 kwa lita tangu ikiwa kwenye chupa, ina histidini miligramu 15 na methionini 15. Ongeza seramu asilimia 10 na umeleta albumini yenye kisisteini yake huru, ile ya nafasi ya 34, ambayo metali nyingi huiparamia. Unaweza kuwa na kichocheo kizuri ambacho hakijawahi kuigusa seli hata moja kikiwa hai.

Kwa hiyo kabla hujafungua kabati la seli, panda ngazi hii kwa joto la 37 na pH 7.2 hadi 7.4: maji tupu, kisha PBS (maji ya chumvi yenye pH thabiti), kisha midia bila seramu, kisha midia yenye seramu, kisha PBS yenye glutathioni milimola 5, mwisho mchuzi wa seli zilizopasuliwa. Kila ngazi pima umebadilisha asilimia ngapi baada ya saa 2, 6 na 24. Ukifika kwenye mchuzi wa seli na jibu ni sifuri, usipoteze seli zako. Ukiona asilimia 80 kwenye maji na asilimia 3 kwenye mchuzi, una habari ya kweli, na unaweza kuanza kubadilisha ligandi, yaani vikundi vinavyoizunguka metali.

DMSO, kiyeyusho, nayo. Watu wanayeyusha kila kitu kwa DMSO kwa mazoea. DMSO ina salfa na oksijeni zinazoweza kushika metali. Sisplatini ikilala kwenye DMSO inakuwa kitu kingine kabisa. Kwa rutheni na osmi zenye kloridi, tengeneza akiba (mmumunyo mzito wa kuchanganyia) siku hiyohiyo, na kwenye kisima cha sahani ya seli DMSO isizidi asilimia 0.5. Akiba ya wiki iliyopita kwenye friji si akiba, ni mchanganyiko usiojulikana.

---

#3 Chembe_Ndogo

Shukrani Bi_Pipeti. Naomba nieleweshwe kuhusu formeti. Nimeona wanatumia milimola 2. Kwa midia mililita 10 hiyo ni miligramu 13.6, sivyo? Na kwa nini wasitumie tindikali ya fomiki moja kwa moja?

---

#4 Ligandi_Mzee

Umeteleza nukta moja, Chembe. Formeti ya sodiamu ina uzito wa 68 kwa moli. Milimola 2 ni miligramu 136 kwa lita, kwa hiyo mililita 10 zinahitaji miligramu 1.36. Ukiweka 13.6 umefika milimola 20, na hapo ukiona seli zimekufa utaisifia rutheni bure.

Miligramu 1.36 hazipimiki vizuri kwenye mizani ya kawaida, kwa hiyo usipime. Yeyusha miligramu 136 kwenye maji safi mililita 10, hiyo ni akiba ya milimola 200. Pitisha kwenye chujio la mikromita 0.22. Kisha mikrolita 10 za akiba kwa kila mililita 1 ya midia, umepata milimola 2.

Tindikali ya fomiki hapana. Itashusha pH ya kisima, midia itageuka njano, na utakuwa umepima athari ya tindikali. Chumvi ndiyo yenyewe.

Halafu jambo ambalo wengi hawaliweki: kisima cha formeti peke yake, bila metali. Seli huitumia formeti katika kemia yake ya kaboni moja, inaingia kwenye utengenezaji wa purini. Si maji. Kwa hiyo seti kamili ni visima vya aina nne: seli tupu, formeti tu, metali tu, metali na formeti. Kila kimoja angalau mara tatu, na jaribio zima lirudiwe siku nyingine kwa seli nyingine.

---

#5 Tindikali_Kali

Ligandi, hapo kwenye metali na formeti kuna mtego mwingine wa kipimo chenyewe. Wengi wanakimbilia MTT, kipimo cha rangi cha kukadiria seli zilizo hai.

---

#6 Bi_Pipeti

MTT kwa jaribio hili ni kujipiga mwenyewe. Rangi ya zambarau ya MTT inatokana na vimeng'enya vinavyotumia NADH na NADPH. Wewe umeingiza mashine ya kutengeneza NADH. Seli inaweza kuwa inakata roho huku kisima kinakuwa cha zambarau kuliko kile cha seli nzima. Kinyume chake kinawezekana pia. Tena baadhi ya metali hizi zinaigeuza MTT zenyewe bila seli yoyote. Weka metali, formeti na MTT kwenye kisima kitupu uone.

Tumia sulforodamini B. Inapima protini iliyobaki, haijali NADH. Hatua zake kwa sahani ya visima 96:

Seli 5,000 kwa kisima, ziache saa 24 zishike. Weka dawa, saa 24. Ondoa, suuza kwa PBS, weka midia mpya, saa 72 za kupumua. Hizo 72 ni muhimu, maana seli iliyojeruhiwa inahitaji muda wa kuamua kama inaendelea au inakufa. Kisha juu ya midia mikrolita 200 ongeza mikrolita 50 za tindikali ya trikloroasetiki asilimia 50 iliyopoa kwenye barafu. Imimine taratibu ukutani, usiipige katikati, utazing'oa. Saa 1 kwenye friji. Suuza mara tano kwa maji ya bomba yanayotiririka polepole, kausha. Rangi asilimia 0.4 katika tindikali ya asetiki asilimia 1, dakika 30. Suuza kwa tindikali ya asetiki asilimia 1 mpaka maji yatoke meupe. Kausha kabisa. Yeyusha kwa Trisi milimola 10 yenye pH 10.5, mikrolita 200, soma kwenye nanomita 510.

Kosa linalojirudia: kutokausha kabla ya Trisi. Tindikali iliyobaki inashusha pH na rangi haitoki yote. Pembeni mwa sahani unaona miduara miduara, ukijua ndiyo hiyo.

---

#7 Mizani

Mnazungumzia kufa kwa seli. Mimi nataka hesabu ya mizunguko. Bila namba ya metali ndani ya seli, neno "kichocheo" ni jina la kupamba tu.

Tufanye hesabu ya mfano. ICP-MS, mashine ya kupima metali, inakupa rutheni nanogramu 10 kwa seli milioni 1. Gawa kwa 101, unapata karibu pikomoli 99, yaani takriban 1 × 10⁻¹⁶ ya moli kwa seli. Chukulia seli ina ujazo wa pikolita 2. Ukali ndani ni mikromola 50 hivi. Vizuri. Sasa vichocheo hivi vya rutheni kwenye NAD+ na formeti vinakwenda mizunguko michache kwa saa, si maelfu. Weka mzunguko 1 kwa saa: mikromola 50 za NADH kila saa. Ondoa asilimia 90 ya metali iliyokamatwa na glutathioni, umebaki na mikromola 5 kwa saa, 120 kwa siku nzima.

Seli ya saratani inayokula glukosi kwa pupa inazalisha na kutumia NADH kwa kasi inayoizidi hiyo mara nyingi sana. Kwa hiyo mtu akiniambia "imekufa kwa sababu tumeijaza NADH", nitamuuliza umepima uwiano wa NAD+ kwa NADH lini, saa ngapi baada ya dawa, na ukilinganisha na kisima cha metali bila formeti. Kundi la Warwick lilipima uwiano huo, na ndiyo maana kazi yao inasomwa. Wengi wanaowaiga hawapimi.

Na mkipima metali: seli zioshwe kwa PBS mara mbili, ziinuliwe kwa tripsini, zihesabiwe, kisha zihamishiwe kwenye mrija MPYA kabla ya kuzungusha. Metali inanata kwenye plastiki ya sahani. Ukizimeng'enya kwa tindikali ndani ya sahani ileile, unapima sahani.

---

#8 Ligandi_Mzee

Mizani, hapo kwenye kumeng'enya nina onyo kwa wanaotaka osmi, na hili si la kupuuza.

Rutheni unamwagia tindikali ya nitriki asilimia 72, joto la 80 usiku mzima, asubuhi unachanganya na maji, kwisha. Osmi ukiifanyia hivyo kifuniko kikiwa wazi, nitriki inaioksidisha kuwa osmi tetroksaidi, ambayo inaruka kama mvuke. Hasara ya kwanza ni namba: sampuli yako inapungua na wewe hujui. Inaganda pia kwenye mirija ya mashine na kutokea tena kwenye sampuli za mtu mwingine kesho yake. Hasara ya pili ni macho. Mvuke huo unaunguza konea.

Dawa yake: mrija uliofungwa vizuri, ndani ya kabati la moshi, na baada ya kupoa usichanganye na maji matupu. Changanya na maji yenye thiourea milimola 10 na tindikali ya askobiki miligramu 100 kwa lita. Mikrolita 200 za mmeng'enyo hadi mililita 4, tindikali imeshuka hadi asilimia 3.6. Thiourea inaishika osmi isirudi kuwa tetroksaidi. Na viwango vyako vya kulinganishia vitengenezwe kwa maji hayohayo, la sivyo unalinganisha embe na chungwa.

---

#9 Paladi_Nje

Samahani wakuu, naona mnajitesa. Nani alisema lazima kichocheo kiwe NDANI?

Kazi ya Edinburgh ya 2014: paladi imekaa kwenye punje za resini zenye upana unaoizidi seli mara kadhaa. Haziwezi kumezwa. 5-FU imefungwa kofia ya propajili kwenye nitrojeni namba 1. Hapo ndipo ujanja ulipo: nitrojeni hiyo ndiyo mwili unapobandika sukari ili 5-FU iwe nukleotidi. Ukiiziba, dawa haina kazi. Seli za utumbo mpana HCT116 na za kongosho BxPC-3 zilioga ndani yake bila shida. Punje peke yake, hakuna shida. Viwili pamoja, seli zinakufa kama zimepewa 5-FU yenyewe. Dawa inafunguliwa nje, inaingia yenyewe. Glutathioni ya milimola 5 haikuhusu.

Ukiwa na uvimbe mmoja unaojulikana ulipo, daktari anapandikiza punje pale, mgonjwa anapewa dawa iliyofungwa, inafunguka palepale.

Kwa vitendo: punje zinazama ndani ya sekunde. Ukitaka kugawa sawa kwenye visima, kata ncha ya tipu kwa mkasi safi, tikisa chupa kila unapovuta, na usivute kutoka chini. Zioshe kabla kwa midia mpaka maji ya kuoshea yasionekane na paladi kwenye ICP-MS. Na weka kisima cha punje zisizo na paladi, maana punje kwa uzito wake tu zinaweza kuzisugua seli.

---

#10 Mizani

Punje ni nzuri mpaka saratani isambae. Uvimbe mmoja unakatwa na daktari wa upasuaji. Anayekufa ni yule wa maini, mapafu na mifupa. Utapandikiza punje wapi na wapi?

---

#11 Paladi_Nje

Sawa, hilo nakubali. Ndiyo maana wengine waliipunguza. Mwaka 2011 Bradley na Unciti-Broceta tayari walikuwa na vipunje vya mikromita 0.5 vinavyoingia HeLa. Mwaka 2017 kundi la Weissleder, Marekani, liliweka paladi ndani ya nanochembe za polima, likafungua doksorubisini, dawa nyingine ya saratani, ndani ya uvimbe wa panya. Na mwaka 2019 makundi ya Zaragoza (Hispania) na Edinburgh wakazijaza paladi eksosomu, vifuko vidogo vinavyotolewa na seli, zilizotoka kwenye seli za mapafu A549, kwa kupunguza chumvi ya paladi kwa gesi ya kaboni monoksaidi zikiwa zimefungwa humohumo. Eksosomu hupendelea kurudi kwa seli za ukoo wake, kwa hiyo zinabeba paladi hadi mlangoni, na dawa ya saratani panobinostati, ikiwa imefungwa, inafunguliwa ndani.

Ila wanaotumia doksorubisini wawe macho: inang'aa ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa, maana kufuli iko kwenye sukari na mng'ao unatoka kwenye pete. Wekundu ndani ya seli haujathibitisha chochote. Pasua seli, endesha HPLC (mashine ya kutenganisha molekuli), onesha kilele cha dawa huru.

---

#12 Chembe_Ndogo

Na rodamini je? Ile ni giza mpaka ifunguliwe, kwa hiyo mng'ao unatosha?

---

#13 Bi_Pipeti

Haitoshi kwa kuhesabu. Rodamini 110 inafungwa kufuli mbili. Ukiondoa moja tu inaanza kung'aa kidogo, ukiondoa ya pili inawaka sana. Kwa hiyo mng'ao haupandi kwa mstari ulionyooka na idadi ya mizunguko. Inafaa kukuonesha WAPI, si KIASI GANI.

Na kuna kichekesho kwenye rutheni ya Meggers. Kufuli ya alili ikikatika, kipande cha alili kinabaki kimeng'ang'ania rutheni. Lazima kitu kije kikichukue ndipo kichocheo kianze mzunguko mwingine. Mwaka 2006 waliongeza thiofenoli, ambayo ni sumu. Vichocheo vyao vya baadaye vikatumia glutathioni ya seli yenyewe kuchukua alili. Adui yule niliyemsema #2 ndiye amegeuzwa kuwa mfanyakazi. Kwa hiyo kuongeza BSO ili kushusha glutathioni, kama wengi wanavyofanya ili kichocheo kipumue, kwa mfumo huu kunaweza kukuzimia jaribio. Na kwa mifumo mingine BSO inazifanya seli ziwe dhaifu kwa metali yoyote, hata isiyochochea, kwa hiyo usiichukue kama ushahidi.

---

#14 Ligandi_Mzee

Kwangu ushahidi mkali zaidi ni ule wa osmi ya 2018. Kimeng'enya cha mwanadamu cha lakteti hutoa L. Kichocheo cha umbo moja kinatoa D, pacha wake wa kioo anatoa L. Ukipima D-lakteti kwa kimeng'enya kinachoitambua D tu, na ikapanda kwa pacha mmoja na formeti, lakini isipande kwa pacha wa pili, na isipande bila formeti, basi seli haiwezi kudai ni kazi yake. Sumu ya kawaida ya metali haijui kushoto na kulia.

Mambo mawili ya kuchunga. Seli inatoa D-lakteti kidogo yenyewe kupitia methiliglioksali, kwa hiyo seli tupu lazima ipimwe. Na angalia chupa ya DMEM, midia nyingine: zipo zenye pairuveti ya sodiamu miligramu 110 kwa lita, yaani milimola 1. Hapo kichocheo kinaweza kufanya kazi yote nje ya seli, kwenye midia, na wewe unaandika "ndani". Chagua midia isiyo na pairuveti, na pima D-lakteti kwenye midia na kwenye seli kwa mirija tofauti.

---

#15 Tindikali_Kali

Hii ya pairuveti kwenye DMEM imenigusa. Kuna makala ngapi zimepita hapo?

Kabla hatujaenda mbali, vipi mwanga? Iridi ya 2019, ile ya Sadler na wenzake wa China, inaoksidisha NADH kwa mwanga wa bluu wa nanomita 463, na inaendelea hata oksijeni ikiwa chache.

---

#16 Mizani

Ni kinyume cha mkondo wa formeti: hapa NADH inaondolewa. Ninachoipendea ni kwamba una swichi. Sahani mbili zilezile, moja gizani, moja kwenye taa. Tofauti yake ni kazi ya kichocheo, na hakuna mabishano marefu. Funga ya giza kwa karatasi ya alumini, na zote mbili zikae nje ya inkubeta dakika zilezile, maana taa inapasha joto na seli zinapoa. Weka kipimajoto ndani ya kisima kisicho na seli.

Ubaya wake ni bluu. Haiingii kwenye nyama zaidi ya milimita chache. Padeliporfini, dawa inayowashwa kwa mwanga, ambayo ina paladi na iliidhinishwa Ulaya mwaka 2017 kwa saratani ya tezi dume ya hatua ya chini, inatumia mwanga wa karibu na infraredi na nyuzi zinazochomekwa ndani ya tezi.

---

#17 Chembe_Ndogo

Swali la mwisho kabla sijaagiza vitu. Nikianza na rutheni ya formeti, visima nipangeje kwenye sahani moja?

---

#18 Bi_Pipeti

Mzunguko wote wa nje weka PBS, usiweke seli, maana unakauka haraka. Unabaki na visima 60, safu 10 za visima 6. Safu ya kwanza seli tupu, ya pili formeti tu. Safu nne metali kwa dozi nne bila formeti, safu nne dozi zilezile na formeti milimola 2. Visima vitatu vya juu katika kila safu kichocheo chenyewe, vitatu vya chini mchanganyiko wa rutheni ile ile ambao nafasi yake umeiziba kwa ligandi isiyobanduka. Kwenye safu mbili za kwanza visima vyote sita ni vya kulinganishia. Huyo aliyezibwa ndiye mwamuzi wako: akiua sawasawa na mwenzake akiwa na formeti, huna kichocheo, una sumu.

Na akiba ya formeti iandike tarehe.